Mashimo ya Mfalme Sulemani: kitabu kwanza au sinema, na sinema ipi?

Mpwa wangu alinipigia simu na swali la mkato: "Mjomba, Mashimo ya Mfalme Sulemani nisome au niangalie tu?" Nikamwambia inategemea. Akaguna, maana kizazi chake hakipendi jibu la namna hiyo. Lakini kweli inategemea. Chini ya jina hilo moja kuna kitabu cha Kiingereza cha 1885, tafsiri ya Kiswahili ya 1929, na sinema kadhaa ambazo hazikubaliani hata juu ya nani alikwenda safari na alikuwa anamtafuta nani. Ukianza na isiyofaa utadhani hadithi yenyewe ni ya kipuuzi, na hutarudi tena.

Nimezipanga hapa chini kwa kutumia kipimo kimoja. Kipimo hicho ni mtu anayeitwa Umbopa.

Kwa ambaye hajui kisa: Waingereza wawili, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanamkodi mwindaji wa tembo, Allan Quatermain, awaongoze kutoka Durban kwenda kumtafuta ndugu yake Sir Henry, aliyepotea akisaka machimbo ya almasi ya Mfalme Sulemani. Wana ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno mmoja mwaka 1590, akiwa anakufa kwa njaa na baridi mlimani. Kabla ya kuondoka anatokea mtu mrefu wa miaka thelathini hivi anaomba kazi katika msafara. Hataki mshahara. Anasema kwao ni mbali, kaskazini. Haonyeshi unyenyekevu ambao wazungu wa Natal walizoea kuonyeshwa, na anamtazama Sir Henry kuanzia utosini hadi miguuni, kisha anamwambia kwamba wao wawili ni wanaume wa kipimo kimoja. Huyo ndiye Umbopa. Baadaye tunajua kwamba jina lake la kweli ni Ignosi, mrithi halali wa Wakukuana, ambaye mama yake alimtorosha akiwa mdogo baada ya baba kuuawa na ndugu yake mwenyewe, Twala, akanyang'anywa ufalme.

Yeyote aliyeisimulia upya hadithi hii alilazimika kuamua amweke wapi Umbopa: mbele, pembeni, au nyuma akibeba mizigo. Mimi huangalia hapo kwanza.

Kitabu cha 1885

H. Rider Haggard alikuwa na miaka 29 kitabu kilipotoka, Septemba 1885. Kilianza kwa ubishi wa kifamilia. Ndugu yake mmoja aliweka dau la shilingi tano kwamba Haggard hawezi kuandika kitu kinachofikia hata nusu ya Treasure Island, kitabu kilichokuwa midomoni mwa kila mtu siku zile. Akakaa akaandika kwa muda wa wiki sita hivi. Wachapishaji, Cassell, walibandika mabango London wakidai ni kitabu cha ajabu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa, na katika miezi 12 ya kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Walikuwa wamempa hiari: paundi 100 taslimu wamalizane, au asilimia 10 ya kila nakala. Akachukua asilimia, akala matunda yake maisha yote.

Mpaka leo kinasomeka, na ninavyoona mimi sababu ni msimulizi. Quatermain si steringi. Ana miaka 55, mfupi, anachechemea kwa jino la simba lililomwingia mguuni, na mara kwa mara anatuambia kwamba yeye ni mwoga anayependa kufa kitandani. Mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba aliogopa, unaogopa naye. Kuna sura wanafungiwa chini ya ardhi baada ya mlango wa jiwe kushuka. Wamezungukwa na masanduku ya almasi, wana chakula kidogo, maji kidogo, na njiti za kiberiti za kuhesabu. Inawashwa moja, wanaonana nyuso, inazima. Hakuna sinema hata moja iliyolifikia giza lile, na sishangai, maana sinema lazima ikuonyeshe kitu.

Halafu kuna ucheshi, ambao wengi hawautarajii kwa kitabu cha enzi za Malkia Victoria. Wakukuana wanamfumania Kapteni Good akiwa amenyoa nusu ya uso, amevaa miwani ya jicho moja, hana suruali, na meno yake ya bandia yanatoka na kurudi. Wanaamini ametoka nyotani. Tangu hapo maskini haruhusiwi tena kuvaa suruali, kwa sababu watu wanataka kuiona miguu yake mizuri myeupe. Kisa hicho cha meno kina mzizi huku kwetu. Mapema mwaka uleule wa 1885 Mskoti Joseph Thomson alikuwa ametoa kitabu cha safari yake katika nchi ya Wamasai, na humo anaeleza jinsi alivyowaonyesha wenyeji meno yake ya bandia akajifanya mganga mkubwa. Thomson alifanya kweli. Haggard akamvika Good.

Ukichukua nakala ya Kiingereza, angalia ni toleo gani. Katika toleo la kwanza Waingereza wanawatisha Wakukuana kwa kupatwa kwa jua. Kulikuwa na kasoro mbili. Giza linadumu muda mrefu kupita giza lolote la jua lililowahi kuonekana, na siku iliyotangulia mwezi ulikuwa mpevu, wakati jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa umefifia kabisa kabla ya kuandama. Baada ya malalamiko Haggard akabadilisha, jua likawa mwezi. Msomaji wa pwani atatabasamu hapo hata hivyo. Mwezi unapopatwa kwetu watu huingia msikitini wakasali, na sikumbuki mfalme aliyepinduliwa kwa ajili hiyo.

Sasa ubaya wake, na upo. Kuna uwindaji wa tembo wa kurasa nyingi ambao mtu wa leo anausoma ameuma meno. Mwanamke mwema pekee, Foulata, anampenda Good, na mwandishi anamuua, kisha anamtia kinywani maneno ya kueleza kwamba ni heri afe maana jua na giza havioani. Hiyo si ajali ya hadithi. Ni Mwingereza wa 1885 anayekwepa ndoa ambayo wasomaji wake wasingeivumilia. Haggard mwenyewe, akiwa na miaka 20, alishiriki kuipandisha bendera ya Uingereza Pretoria mwaka 1877. Wakati huohuo Quatermain, katika sura ya kwanza kabisa, anaandika neno la kuwadharau Waafrika, kisha anasema analifuta kwa kuwa halipendi, na kwamba ameona wenyeji walio waungwana na wazungu wenye fedha nyingi wasio waungwana. Kitabu kinavutana na nafsi yake hivyo mpaka mwisho.

Na mwisho ni wa Ignosi. Amepata kiti chake na wageni wanaaga. Anawaambia njia ya milimani ataifunga: hataki wafanyabiashara waje na bunduki na pombe, hataki wahubiri watakaowatia watu wake hofu ya mauti na kuwafungulia njia wazungu watakaofuata. Anayetafuta mawe yanayong'aa atarudishwa, na wakija na jeshi atapigana nao. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefungwa Februari mwaka uleule. Sijui Haggard alijua kwa kiasi gani alichomwandikia mtu huyu, lakini hotuba ile imekaa pale, na hakuna sinema iliyoithubutu.

Kiingereza chake si kigumu sana, sura 20, isipokuwa pale Wakukuana wanapozungumza. Haggard anawapa Kiingereza cha Biblia ya zamani ili wasikike wakuu. Ukizoea kinakuwa kama ngoma, usipozoea kinachosha.

Tafsiri ya 1929

Hapa ndipo nilipoingilia mimi. Nakala ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya kaka yake mama, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kwa miaka kadhaa sikujua wale wazungu walitoka wapi. Niliwakuta tayari wako jangwani wana kiu.

Mfasiri alikuwa Frederick Johnson, na kitabu kilichapwa na Longmans. Mwaka huohuo alitoa pia Kisiwa chenye Hazina, yaani kitabu kilekile kilichosababisha dau la shilingi tano. Wabishani wawili wa 1885 wakajikuta bega kwa bega katika rafu moja, kwa Kiswahili. Ilikuwa ni majira ya kusanifisha lugha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikwishachagua Kiunguja kiwe msingi, Kamati ya Lugha ikaanza 1930, na Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamusi inayotambulika kwa jina lake ilichapwa 1939, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kwa hiyo kitabu hiki ni miongoni mwa vile ambavyo watoto wa Tanga, Kisumu na Tabora walisoma kwa Kiswahili cha aina moja. Waswahili wenyewe walikinung'unikia Kiswahili hicho tangu mwanzo, wakisema kina harufu ya ofisi, na malalamiko yao hayakuwa ya bure.

Hata hivyo, kwa hadithi hii, tafsiri ina faida ambayo asili haina. Kile Kiingereza cha kujitutumua cha Wakukuana kinapoingia katika Kiswahili kinapata kwao. Sisi tunayo namna ya kumsemesha mfalme na namna ya mfalme kujibu. Tunayo salamu ndefu, viapo, na maneno ya wazee barazani. Umbopa akizungumza kwa Kiswahili haonekani kama mtu aliyevalishwa nguo za kukodi. Wazungu ndio wanaosikika wageni, na ndivyo inavyopaswa.

Jambo jingine ni jina la Sulemani. Mtoto wa Uingereza alilijua kutoka Jumapili kanisani. Mtoto wa hapa, Mkristo au Mwislamu, alikuwa na Suleiman wake: nabii aliyeamrisha majini na upepo, aliyezungumza na ndege, aliyemleta Malkia wa Sheba na kiti chake. Ukimwambia mtoto huyo kwamba kuna mlango wa jiwe unaojiinua, hashangai. Hata neno "mashimo" lina kitu. Leo tungesema machimbo, kama ya Mererani, au migodi kama ya Geita. "Mashimo" ni la zamani kidogo, na linatisha zaidi, maana shimo ni pahali pa kutumbukia.

Ugumu ni kukipata. Nakala huonekana kwa wauza vitabu vya mitumba na katika maktaba za zamani, na ukiiona usijadili bei sana. Maneno mengine yatakuwa mageni kwa kijana wa leo. Mpe kamusi, asikose raha.

1937 na 1950, ana kwa ana

Sinema hizi mbili ndizo zinazostahili kushindanishwa. Nyingine nitazipitia haraka.

Zote zinaanza kwa kosa moja. Katika kitabu Quatermain anajigamba kwamba hakuna sketi katika hadithi yake nzima. Watu wa sinema waliisoma sentensi hiyo wakaigeuza juu chini. Mwaka 1937 waliongeza binti wa Kiayalandi, Kathy, anayemfuata baba yake aliyekwenda kusaka almasi. Mwaka 1950 waliongeza Elizabeth Curtis, anayemtafuta mume aliyepotea, na Quatermain mzee kilema akageuzwa kuwa Stewart Granger, mrefu, mvi mbili za maringo, ili apendwe. Kama unavutiwa na mapenzi ya wanaoanza kwa kugombana, chukua ya 1950, maana Deborah Kerr anajua kugombana. Tena kuna kichekesho ambacho hawakukikusudia: anakata nywele zake ndefu porini kwa mkasi, anaziosha, na zikikauka zimejipinda vizuri kama aliyetoka saluni.

Ya 1937 ni ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe, dakika 80 hivi, imeongozwa na Robert Stevenson, yuleyule ambaye miaka mingi baadaye aliongoza Mary Poppins. Sehemu za nje zilipigwa Afrika chini ya Geoffrey Barkas. Katika zote ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu kwa mpangilio wa kisa: jangwa, milima, mchezo wa kuwanusa wachawi, jua kupatwa, vita, pango. Gagool, yule ajuza wa kutisha asiyejulikana umri wake, anachezwa na mwanamke mzungu aliyepakwa rangi, na hapo utafumba jicho kidogo.

Lakini Umbopa ni Paul Robeson. Ninaposema kipimo changu ni Umbopa, ninamfikiria yeye. Akiingia kwenye picha wengine wote wanakuwa wafupi. Sauti yake ya besi inaimba akiendesha gari la maksai, inaimba wakipanda mlima, na ingawa nyimbo zenyewe hazina uhusiano wowote na Afrika ya kusini, hutaki anyamaze. Robeson hakuwa mtu wa kuazima Afrika kwa siku moja. Akiwa London alijiunga na chuo cha lugha za Mashariki na Afrika akasoma Kiswahili, miongoni mwa lugha nyingine. Miaka miwili kabla alikuwa ameigiza katika Sanders of the River, sinema iliyomtia uchungu baadaye kwa namna ilivyousifu ukoloni, ambamo kati ya machifu wa kujaza picha alikuwemo kijana mmoja wa Kikuyu aliyekuwa akisoma London: Jomo Kenyatta. Kwa hiyo ukimtazama Robeson akidai kiti chake kama Ignosi, unamtazama mtu aliyekuwa anatafuta, ndani ya sinema za wengine, nafasi ya kusimama wima. Hotuba ya kuwafungia wazungu njia hawakumpa. Anawaaga kwa wimbo.

Ya 1950 ni ya Hollywood, ya MGM, ya rangi, na iliteuliwa kushindania Oscar ya sinema bora ya mwaka. Haikuipata hiyo, ila ilichukua mbili, ya upigaji picha na ya uhariri. Ya kwanza ilistahili kabisa. Badala ya kujenga Afrika California, walikuja. Walipiga Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, na wacheza ngoma wakatoka Rwanda. Mpiga picha Robert Surtees alikutana na nchi ambayo kamera za rangi zilikuwa hazijaizoea. Kuna kishindo cha wanyama wanaokimbia moto, pundamilia na swala, mpaka unahisi vumbi kwenye koo. Tena hakuna okestra. Muziki wote ni ngoma na nyimbo za watu waliokuwepo, jambo la nadra kwa Hollywood ya wakati ule, na linaifanya isizeeke haraka.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki sinema hii ina utamu wa pekee. Unaacha kisa, unaangalia pembeni. Unatazama mavazi ya wapagazi, nyumba, mitindo ya nywele, ardhi ilivyokuwa haijajaa watu. Khiva, mtumishi mwaminifu wa Quatermain, anachezwa na Kimursi, Mkipsigis, na uso wake una utulivu ambao waigizaji wa kulipwa hawana. Bibi yangu mzaa mama angekuwa na umri wa wale akina mama wanaopita nyuma ya Deborah Kerr, na ninakiri nimeisimamisha picha zaidi ya mara moja kuwatazama wao.

Umbopa hapa anachezwa na Siriaque, Mtutsi mrefu ajabu. Hasemi mengi. Anaingia katikati ya safari, anatembea nao, na wanapofika kwao ndipo tunapomwelewa. Ana hadhi ya mwili ambayo hata Robeson hakuwa nayo, ila waandishi hawakumpa mawazo. Vita ya kitabu imefutwa, kupatwa kwa jua kumefutwa, Gagool amegeuzwa mwanamume, na ufalme unaamuliwa kwa pambano la watu wawili, Umbopa na Twala. Ndugu aliyepotea, ambaye katika kitabu anapatikana hai, hapa ni mume, na ni mifupa pangoni. Elizabeth anakuwa mjane kwa wakati unaomfaa Quatermain.

Msomaji wa Rwanda au Burundi ataitazama kwa moyo wa pande mbili, na nisingependa kumpita kimya. Ngoma ya intore iliyohifadhiwa mle ni hazina. Lakini namna kamera inavyoustaajabia urefu wa Watutsi ni ndugu wa nadharia ya Wabelgiji kwamba watu hao ni wageni bora waliotoka kwingine, nadharia ambayo watu waliilipia kwa damu. Haggard naye alihitaji wageni bora: barabara na sanamu za kitabu chake hazijengwi na Wakukuana, eti zimejengwa na watu wa kale kutoka kaskazini.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili: kwa macho, 1950, kwa Umbopa, 1937. Mwenye jioni moja tu achukue ya 1950, na kama atapata jioni ya pili, asimkose Robeson.

1985, na ile ya Patrick Swayze

Ya 1985 ilitengenezwa na Cannon kwa ajili ya watu waliotoka kumwona Indiana Jones wakataka zaidi kwa bei nafuu. Richard Chamberlain amevaa kofia, Sharon Stone anapiga kelele, Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza wanawafukuza, na kuna wala watu wanaowatia wazungu kwenye chungu kikubwa kama nyumba, pamoja na mboga. Ingefaa kibanda umiza, yule mtafsiri wa kipaza sauti akiongeza vichekesho vyake, na huenda angeiboresha. Umbopa, ambaye hapa ni Umbopo, ni Ken Gampu, mwigizaji mahiri wa Afrika Kusini, anayeachiwa kuwa mtu wa kuchekesha hadi dakika za mwisho, ndipo wanapokumbuka kwamba alikuwa mfalme.

Ninataja jambo moja tu kwa ajili yake: ilipigwa Zimbabwe. Nchi hiyo, uhuru wake ukiwa na miaka mitano, ilikuwa imechukua jina la kuta zilezile za mawe zilizoanzisha ndoto hii. Mjerumani Karl Mauch alizifikia mwaka 1871 akadhani amepata kasri la Malkia wa Sheba, na gumzo hilo ndilo lililokuwa hewani Haggard alipoishi Natal. Mwaka 1929, mwaka uleule wa tafsiri ya Johnson, Gertrude Caton-Thompson alichimba pale akathibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika. Tena katika Zimbabwe Kuu imeokotwa sarafu ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa kasri la Husuni Kubwa, maana dhahabu ya bara ilipitia bandari ya Sofala kwenda Kilwa. Walizunguka dunia wakimtafuta Sulemani wa Yerusalemu, kumbe mwana wa Sulaiman aliyeihusu dhahabu ile alikuwa anakaa kisiwani kwetu.

Ya 2004, yenye Patrick Swayze, ni ya televisheni, ya sehemu mbili, imepigwa Afrika Kusini. Mandhari nzuri, Warusi wameongezwa, mwanamke ameongezwa tena. Haiudhi, wala haikai kichwani.

Kwa hiyo, wewe uchukue ipi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili mwenye Kiswahili kizuri aanze na tafsiri ya Johnson, kama kuna namna yoyote ya kuipata. Mzazi akikaa naye atamsaidia kwa maneno ya zamani, na pia kumweleza kwa nini tembo wanauawa hovyo vile bila mtu kuona vibaya.

Anayesomea fasihi, au anayetaka kujua kwa nini hadithi ya dau la shilingi tano haijafa, achukue Kiingereza. Hakimiliki imekwisha, mwandishi alifariki 1925, kinapatikana bure mtandaoni kihalali, na kipo cha kusikiliza pia. Asiruke hotuba ya mwisho ya Ignosi. Akiona jua limepatwa ajue ana toleo la zamani. Akiona mwezi, ana lililosahihishwa.

Familia iliyokaa sebuleni Ijumaa usiku, wakubwa kwa wadogo, iweke ya 1950. Watoto wadogo wafumbwe macho mwanzoni, tembo anapopigwa risasi, kwa sababu ile si ya kuigiza. Wapenzi wa sauti, wazee waliomsikia Robeson redioni, na yeyote anayefuatilia historia ya Waafrika na Wamarekani weusi London ya miaka ya 1930, waweke ya 1937. Ya 1985 naiacha kwa wenye homa, ambao hawana nguvu ya kuinuka kubadilisha.

Mpwa wangu nilimtumia Kiingereza, akanijibu baada ya wiki mbili kwamba amemaliza na anataka kinachofuata. Kipo. Kinaitwa Allan Quatermain, cha 1887, na Johnson alikifasiri pia, Hadithi ya Allan Quatermain. Hicho kina uhusiano na sisi wa moja kwa moja: safari haianzii Durban tena, inaanzia Lamu, inapanda Mto Tana, inakutana na Wamasai na kuelekea Mlima Kenya. Haggard mwenyewe hakuwa mwenyeji wa huko, ila ndugu yake Jack alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza pale Lamu katikati ya miaka ya 1880. Anayetoka Lamu akisome na penseli mkononi, atapata mengi ya kusahihisha.